Daftari la Wazazi kwenye Rafu ya Mvua

Wivu wa Dada Faili haukuanza na daftari. Ulianza na kicheko.

Mama yake, mwanamke wa miaka sabini na tisa na ushee, macho yamefifia lakini ulimi haujafifia hata kidogo, alikuwa na vicheko viwili. Kimoja kifupi, cha puani, alichokitoa kila siku ili tu ijulikane kwamba amesikia. Cha pili kirefu, cha kukohoa na kufuta machozi, na hicho nyumba ile ilikuwa haijakisikia miaka na miaka. Basi Jumapili moja asubuhi Dada Faili alikuwa uani anaanika shuka za mama yake, vibanio viwili mdomoni, ndipo akasikia kile kirefu kinatoka dirishani. Ndani, mdogo wake, aliyehamishiwa mjini wiki moja tu iliyopita, alikuwa amejitupa kitandani kwa mama akimsimulia vituko vya wodini.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," Dada Faili akasema kwa meno, vibanio vikaanguka mchangani.

Tusimwonee, lakini. Mtu aliyefua shuka zile kwa miaka kumi na minane ana haki ya kuuliza kwa nini kicheko anapewa aliyekuja juzi.

Walikuwa wawili tu, yeye na mdogo wake. Yeye, wa miaka hamsini na moja, alikuwa mtunza kumbukumbu wa ofisi ya wilaya, chumba cha mwisho kabisa ukumbini, rafu kumi na nne, dirisha moja lenye wavu, vumbi lisilokwisha. Jina la Dada Faili alipewa na wenzake kwa sababu ukimuuliza chumvi iko wapi anakujibu na tarehe uliyoitumia mara ya mwisho. Mdogo wake, wa miaka arobaini na mitatu, alikuwa mkunga wa hospitali, na kila mtu alimwita Nesi, hata mama aliyemzaa. Nesi alikuwa na viatu vinavyosikika kabla yake, mwavuli anaousahau kila anapokwenda, na tabia ya kuandika mambo yake kwa kalamu mgongoni mwa mkono, kama manesi wengi wafanyavyo wakikosa karatasi wodini. Miaka kumi na minane alikuwa akifanya kazi miji ya mbali, akipiga simu kila Ijumaa. Miaka hiyo hiyo Dada Faili alikuwa akipika uji, akimpeleka mama kliniki, na kuhesabu vidonge, ambavyo mama alitaka vikae ndani ya kijungu kidogo cha udongo na si mahali pengine popote.

Kijungu kile ndicho kitu pekee kilichobaki cha bibi yao. Shingoni kilikuwa na safu ya vishimo vya kidole gumba, na mama alipenda kuvipapasa akiwa anawaza. Bibi alikuwa fundi wa vyungu katika kijiji cha wakulima, mwendo wa nusu siku kutoka mjini, na watu walimwita Mfinyanzi, basi. Alikuwa mke wa mlinzi wa ghala la nafaka. Akamzaa mama. Halafu hakuonekana tena.

Mama alilelewa na shangazi yake, dada wa huyo mlinzi wa ghala. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alimlisha, alimvisha, alimpeleka shule wakati wenzake hawapelekwi. Lakini kila mtoto alipovunja kikombe au kuchelewa kisimani, shangazi alikuwa na sentensi yake moja: "Mama yako alikutupa ukiwa na kitovu kibichi, akaenda zake." Sentensi hiyo mama aliibeba toka utotoni mpaka uzeeni. Na miaka kumi na moja iliyopita, macho yalipoanza kufifia, alimwita binti yake mkubwa.

"Wewe si ndiye unayeshinda na makaratasi? Nitafutie mama yangu. Sitaki kumlaumu. Nataka kujua tu alikwenda wapi."

Dada Faili alimtafuta. Saa zake za chakula cha mchana kwa miaka kumi na moja zilikwenda huko. Alisoma madaftari ya kodi, ya leseni za soko, ya kesi, ya hesabu ya watu, ya vifo. Zamani hizo mwanamke hakuandikwa jina lake, aliandikwa "mke wa fulani", kwa hiyo Dada Faili aliwafahamu wake wa walinzi wa maghala wa wilaya nzima kama majirani zake. Katika daftari la wazazi la zahanati ya kijiji alipata mstari mmoja: mke wa mlinzi wa ghala, mtoto wa kike, hai. Huyo mtoto ndiye mama. Baada ya mstari huo, kimya. Mwanamke aliingia kwenye karatasi, akazaa, akayeyuka.

Kila mwisho wa mwezi mama aliuliza, "Vipi?" na Dada Faili akajibu, "Bado, Mama." Nami nitasema ambalo yeye asingelisema: aliipenda hiyo bado. Ilikuwa yao wawili. Simu za Ijumaa hazikuwa na kitu kama hicho.

Sasa Jumapili ile, kicheko kilipokwisha, mama akamwambia Nesi habari yote. Dada Faili aliingia na beseni tupu akakuta imeshamwagwa.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," mama alikuwa akisema. "Labda wewe una macho mapya."

"Macho yangu mimi ya zamani yana kasoro gani?" Dada Faili akauliza.

"Hayana kasoro, mwanangu. Yamechoka tu." Akatoa kile kicheko cha puani.

Kesho yake Nesi alifika ofisini na sare yake nyeupe, akamsalimia kila mtu ukumbini kana kwamba anagombea kiti. Tarishi wa ofisi, mzee aliyebakisha mwaka mmoja astaafu, alimfungulia mlango wa chumba cha kumbukumbu na kumfutia kiti kwa kitambaa chake mwenyewe. Dada Faili, ambaye katika miaka ishirini na miwili hajafutiwa kiti na tarishi yule, aliliona hilo na kuliweka akilini.

Alimtolea mdogo wake daftari la wazazi kutoka rafu ya tatu, akamwonyesha mstari. Nesi hakusoma kama yeye. Dada Faili daftari hulisoma kwa kushuka, kidole kwenye safu ya majina, jina baada ya jina. Nesi alisoma kwa kukata, toka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, hadi nje ya mstari kabisa, kule pembeni ambako hakuna safu.

"Dada, huu mshale ni nini?"

"Mkwaruzo wa kalamu."

"Mkwaruzo wenye kichwa?" Nesi akainamisha pua karatasini. "Na namba pembeni yake? Thelathini na moja." Akaanza kufunua kurasa haraka haraka. "Huyu hapa mwingine. Mwingine huyu. Hebu angalia, Dada, huyu ana miwili, mmoja unapanda na mmoja unashuka. Mkunga mkuu aliyenifundisha alikuwa anachora hivi hivi, sisi tukimcheka. Unaopanda maana yake mzazi amepelekwa hospitali kubwa. Unaoshuka, amerudi. Na hiyo namba ni ya barua aliyoondoka nayo."

Wakarudi kwenye mstari wao. Mshale ulikuwa mmoja tu, unapanda.

"Hospitali kubwa enzi hizo ilikuwa ng'ambo ya mto," Nesi akasema polepole. "Wilaya nyingine. Wewe umemtafuta humu ndani, maskini, na yeye tangu siku hiyo hakuwa tena humu." Akaugusa ule mshale kwa kidole. "Hakumtupa Mama, Dada. Alibebwa kwenye machela. Labda kondo la nyuma lilibaki, labda damu haikukata. Alibebwa!"

Akacheka huku analia, akamkumbatia dada yake juu ya meza mpaka kikombe cha kalamu kikapinduka. Halafu akachukua kalamu mojawapo akaandika mgongoni mwa mkono wake: 31, na tarehe. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, kama kawaida yake. Wakakubaliana kwamba arudi kesho apige picha ya ukurasa, wawaandikie wale wa ng'ambo, na mama asiambiwe kitu mpaka wawe na hakika, maana kumpa mzee tumaini la bure ni dhambi.

Nesi akaondoka, ameacha mwavuli. Dada Faili aliangalia saa ya ukutani. Nusu saa. Haikutimia hata nusu saa.

Angefurahi, na kuna upande wake uliofurahi kweli, nisimsingizie. Lakini upande mwingine uliungua kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Mstari ule aliusoma yeye. Mshale ule aliutazama yeye, si mara moja, mara mia, akauita mkwaruzo. Miaka kumi na moja ya mchana wa njaa, na aliyekuja juzi anaokota jibu kama mtu anayeokota sindano kwenye mkeka. Tena Jumapili ya mwezi ujao mama anatimiza themanini, ndugu wote watajaa sebuleni. Aliiona picha nzima: Nesi amesimama katikati na karatasi, mama anacheka kile kicheko kirefu, na yeye Dada Faili yuko jikoni anatafuta vikombe.

Saa kumi jioni, wenzake wakifunga milango, alilichukua lile daftari. Hakulirudisha rafu ya tatu. Alikwenda nalo mpaka rafu ya kumi na mbili, kwenye madaftari ya vipimo vya mvua, ambayo hajaja mtu kuyauliza tangu aajiriwe, akalisukuma katikati yao. Mtu wa kawaida akitaka kuficha kitabu hukiiba. Mtunza kumbukumbu haibi, anakihamisha tu, maana anajua kwamba kitabu kisicho mahali pake kimekufa. Akafungua rejesta ya madaftari yanayotoka, na kwa mwandiko wake ule mzuri wa kusifiwa na wakubwa akaandika: Limepelekwa kujalidiwa. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika rejesta ile.

Nesi alipokuja Jumanne aliambiwa hivyo hivyo.

"Jana lilikuwa hapa," Nesi akasema.

"Na leo liko kwa fundi. Jalada lilikuwa limechanika, hukuona?"

"Litarudi lini?"

"Mambo ya ofisi unayajua."

Nesi akamtazama kidogo, kidogo tu. "Haya. Tutasubiri."

Dada Faili aliutupia jicho ule mkono. Namba haikuwepo. Nesi hunawa mara arobaini kwa siku, alijiambia, wino gani utabaki? Mchana ule ule akaandika barua kwenda hospitali ya ng'ambo, yenye muhuri wa ofisi, akataja barua namba thelathini na moja na tarehe yake, akaomba nakala ya kumbukumbu zozote za mgonjwa huyo. Jibu lingekuja kwake, na kwa mama lingeingia kwa mkono wake.

Zikafuata wiki tano, na wiki tano za mtu mwenye wivu ni ndefu. Nesi, kila asipokuwa zamu, alikuwa pale. Alimsuka mama nywele. Alimkata kucha za miguu, kazi ambayo Dada Faili ndiye alikuwa akiifanya kila Jumamosi. Alileta kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, akahamishia vidonge humo, Jumatatu mpaka Jumapili. Dada Faili alivirudisha kijunguni. Nesi akavihamisha. Dada Faili akavirudisha.

"Dawa zangu hizi zinahamahama kama wapangaji," mama akasema. "Mwisho wake nitameza za mwaka kesho."

Siku moja Dada Faili alimpelekea chai, na mama, bila kugeuza uso, akasema, "Asante, Nesi." Dada Faili aliweka kikombe, akaenda chooni, akafungulia bomba akalia mpaka ndoo ikafurika. Wivu kidonda, ukishiriki utakonda, wanasema wanawake, na kweli sketi yake ya kazini ilikuwa imeanza kuzunguka kiunoni.

Ofisini nako alikuwa na ibada yake mpya: kila asubuhi alipita rafu ya kumi na mbili kuhakikisha.

"Dada Faili," tarishi akamwambia, "siku hizi unaitembelea sana mvua. Unataka kulima?"

"Nafuta vumbi."

"Mm. Mimi kazi hii nimeanza kabla yako. Kitabu kikipotea kwenye ghala, usimuulize mwizi. Muulize anayelijua ghala." Akaondoka zake anachekacheka, akamwacha mwenzake na jasho la kwapa.

Ni tarishi huyo huyo aliyeleta bahasha, Alhamisi kabla ya Jumapili ya miaka themanini. Bahasha nene ya kaki, muhuri wa hospitali ya ng'ambo. Dada Faili alifunga mlango, akaketi, akafuta mikono kwenye sketi.

Watu wengine wangerukia katikati. Yeye, kwa mazoea ya kazi, alianza na karatasi ya juu kabisa, ile inayobandikwa juu ya kila faili kuonyesha nani amelisoma na lini, na ambayo karani wa kule alikuwa ameinakili pamoja na nyingine. Karatasi ilikuwa tupu isipokuwa mstari mmoja. Jina la msomaji, jina la mdogo wake. Kazi, mkunga. Tarehe, Jumamosi ya wiki tatu zilizopita.

Jumamosi ile Nesi alisema ana zamu.

Dada Faili aliisoma mara tatu. Mdogo wake alikuwa amevuka mto kwa miguu yake, akaketi, akasoma kila kitu, akarudi, akamsuka mama nywele, akanyamaza wiki tatu. Kwa nini? Jibu lilimjia papo hapo, kwa sababu mwenye wivu jibu lake huwa tayari: anangoja Jumapili. Anangoja sebule ijae.

Ndipo akasoma kurasa zenyewe, haraka. Mgonjwa ameletwa kwa machela na barua namba thelathini na moja. Ametokwa na damu nyingi. Kazi yake, ufinyanzi. Amelazwa wiki tisa. Ametazamwa mara moja tu, na wifi yake. Chini ya hapo muuguzi wa wodi aliandika: Baada ya mgeni kuondoka, mgonjwa hali chakula. Ameambiwa na wifi kwamba mtoto alikufa njiani na mume hamtaki tena. Ametoka kwenda kwa wazazi wake, upande huu wa mto. Halafu miaka minne baadaye, hospitali ile ile, mwanamke yule yule, mume mwingine, na fomu ya uzazi: Mimba ya pili. Watoto walio hai, hakuna. Waliofariki, mmoja. Mara ya tatu na ya nne vile vile, waliofariki, mmoja. Mahali pa saini, alama ya kidole gumba.

Huyo mmoja aliyefariki alikuwa nyumbani wakati Dada Faili anasoma, anasubiri uji wake.

Na wifi ni nani? Wifi wa Mfinyanzi ni dada wa mlinzi wa ghala. Ni shangazi. Shangazi ambaye, kila mtu wa ukoo alilijua hilo, hakujaliwa kuzaa. Alimwona mwenzake ana alichokosa yeye, akakihamisha kidogo tu. Huku akamwambia mama kwamba mtoto amekufa, huku akamwambia mtoto kwamba mama amemtupa, akafunga mlango.

Dada Faili aliinua macho, yakagota kwenye rafu ya kumi na mbili. Akayashusha. Si sasa, akajiambia. Kwanza nifike nyumbani kabla yake.

Hakufika kabla yake. Nesi alikuwa sebuleni, ameketi chini kwenye mkeka, miguu ya mama iko kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Mkoba wake ulikuwa wazi kando ya mlango, na ndani yake Dada Faili aliona pembe ya bahasha ya kaki, pacha wa ile aliyoibana yeye kwapani.

"Mama," akasema, hajavua hata viatu, "nimempata."

Mama hakuuliza nani. Alinyoosha mkono kutafuta kijungu, akakipakata.

Dada Faili alieleza kwanza mshale wa daftarini bila kutaja aliyeuona, halafu akasoma akiwa amesimama, tangu machela mpaka kidole gumba, hakuruka neno, hata lile la wifi. Alipomaliza maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Mama alikuwa anapapasa vile vishimo vya shingo ya kijungu, kimoja baada ya kingine.

"Kwa hiyo yeye alinihesabu na wafu," akasema mwisho, "na mimi nikamhesabu na watoro."

Nesi akaitoa miguu ya mama kwenye beseni.

"Shangazi," mama akaendelea. "Mnajua siku anakufa nilikuwa nimemshika mkono? Tulikaa wawili tu toka alfajiri mpaka adhuhuri, akaniomba maji, akaniomba mto, akaniomba nimfunike miguu. Nafasi alikuwa nayo. Angesema tu! Ningemlilia siku mbili, ya tatu ningempikia. Nilimpenda mimi yule mwanamke. Sasa nikamgombeze nani, kaburi?" Akafuta macho kwa kanga. "Mtu anakula na siri sahani moja miaka arobaini, haoni kwamba siri inakula zaidi yake."

Dada Faili akakaa kwenye mkono wa kiti.

"Na huo mshale," mama akauliza, "nani aliuona?"

Kabla Dada Faili hajafungua mdomo, Nesi alijibu, anakausha mguu wa mama kwa taulo, hajainua uso. "Dada. Nani mwingine? Miaka kumi na moja anakutafutia."

Basi hapo angenyamaza tu. Msomaji, angenyamaza, na kila kitu kingekuwa chake: mshale, bibi, mama, Jumapili. Alichokuwa akikililia chooni kilikuwa kimewekwa mapajani mwake, kimefungwa vizuri. Mama alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono upande wake.

"Mwongo huyo," Dada Faili akasema. "Mama, usimsikilize. Mshale kauona yeye, kwa nusu saa. Mimi niliuita mkwaruzo. Halafu nikalificha daftari asilipate tena, nikaandika limepelekwa kwa fundi. Liko kwenye madaftari ya mvua. Nilitaka niwe mimi." Akageuka kwa mdogo wake, na sauti ikamtoka kwa hasira kuliko alivyotaka. "Na wewe! Umelisoma faili wiki tatu zilizopita, nimeona jina lako. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nakungoja wewe," Nesi akasema.

"Unanidhihaki?"

"Karani wa kule alinionyesha barua yako juu ya meza yake. Alikuwa anangoja mashine ya kunakili itengenezwe, atume yako na mimi anitumie yangu. Nikaona muhuri, nikaona tarehe, nikajua hakuna cha fundi wala jalada. Nilikukasirikia, Dada, toka pale hospitali mpaka kivukoni. Watu walinipisha." Akakamua taulo. "Halafu nikafikiri. Mimi nimepiga simu za Ijumaa miaka kumi na minane. Ningeichukuaje hii? Tena usidhani ni wewe tu mwenye roho ya hivyo. Mimi nikija hapa, swali la kwanza la Mama ni, dada yako karudi? Nimemsuka, nimemnawisha, nimemchekesha, anauliza dada yako karudi. Mimi ananichekea kwa sababu mimi ni mgeni."

Kilichomuuma Dada Faili zaidi, na kilimuuma kweli, ni kwamba hata katika wema mdogo wake alikuwa amemtangulia wiki tatu.

Mama alikuwa amekiinamia kijungu. Wakamngoja, wanawake wawili wazima wenye mvi, kama wasichana waliovunja kitu.

"Daftari liko wapi, ulisema?"

"Kwenye mvua, Mama."

"Kesho asubuhi kalitoe, litalowa." Na kile kicheko kirefu kikamtoka, cha kukohoa, cha kufuta machozi, ingawa machozi mengine hayakuwa ya kucheka. Akawashika mikono, mmoja huku mmoja huku, akavuta. "Na Nesi aende na wewe, ahakikishe umelirudisha pake. Sikuamini tena na makaratasi yangu."

Wivu ukamchoma tena Dada Faili, hapo hapo, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Ijumaa asubuhi walikwenda wote wawili. Daftari likatoka kwenye mvua, likarudi rafu ya tatu. Ikabaki rejesta. Katika rejesta ya ofisi hakuna kufuta, unapiga mstari mmoja ili la zamani lizidi kusomeka, unaandika lililo sahihi chini yake, sababu, na saini mbili. Maana yake yeyote atakayekuja kumtafuta mtu wake katika chumba kile, hata miaka themanini ijayo, ataukuta uongo wake umelala pale wazi. Dada Faili alilijua hilo kuliko yeyote. Alipiga mstari. Akaandika: Halikupelekwa popote. Nililificha mimi.

"Kuna safu ya sababu," Nesi akasema juu ya bega lake.

"Naiona."

Tarishi akapita mlangoni, akachungulia, akajifanya ana haraka. Mwishowe Dada Faili akaandika neno moja, kwa mwandiko wake mzuri: Wivu.

Nesi akachukua kalamu akasaini kama shahidi, saini kubwa ya ovyo iliyokula mistari miwili ya rejesta. Dada Faili ilimkera kidogo, akamwachia.